Hutoka kwa Mama

Daktari alisema mambo mengi asubuhi ile, lakini wifi yangu Dorca aliondoka na neno moja tu: mama.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nne, katika chumba kidogo cha hospitali ambacho dirisha lake lilitazama ziwa. Binti yangu Seline alikaa mbele ya meza, uso umevimba mpaka macho yamekuwa mistari. Mimi nilikaa kando yake. Mume wangu Gordon alisimama mlangoni kwa sababu kiti chake kilikuwa kimekaliwa na Dorca, dada yake mkubwa, ambaye hakuna aliyemwalika. Alisema yeye ni waya, shangazi wa mtoto, na kwa Wajaluo waya hasubiri nje kama mgeni. Mimi ni Mbukusu niliyeolewa kwao. Miaka ilikuwa imenifundisha vita vya kupigana na vya kuacha. Hicho kiti nilikiacha.

Daktari Walubengo alikuwa kijana mpole aliyependa kueleza. Mwezi uliotangulia walikuwa wamemtoa Seline kipande kidogo cha figo kwa sindano ndefu, kikapelekwa Nairobi kutazamwa kwa darubini. Sasa majibu yalikuwa yamerudi.

"Figo ni kichujio," alisema, "lakini si kama kile cha chai ambacho kinakaa tu maji yapite. Hiki kinafanya kazi, na kazi inataka nguvu. Ndani ya kila seli ya figo kuna meko madogo sana, mengi, yanayochoma chakula na kutoa nguvu hiyo. Tunayaita mitokondria. Meko yakizimika, seli inakufa. Mwili ukiona pengo unaliziba kwa kovu. Umewahi kuungua mkono, mama?"

"Nimeungua."

"Ngozi ilirudi, lakini si ile ya kwanza. Figo ni hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba kovu la mkononi halikusumbui. Kovu la figo halichuji kitu."

"Na ya Seline?"

"Mitokondria nyingi zimevimba na kuharibika. Makovu yameanza, ila si kila mahali. Kuna sehemu nzuri bado."

"Nini kimeziharibu?"

"Hapo ndipo sijui. Kuna njia mbili. Wapo watu wachache, wachache sana, wanaozaliwa na mitokondria mbovu. Hizo hutoka kwa mama peke yake, baba hachangii. Njia ya pili ni sumu: vidonge vya maumivu, miti shamba mingine, madini. Na kwa umri wake, mimi naiangalia zaidi hiyo ya pili. Kwa hiyo nataka ukweli. Seline, umekuwa ukinywa nini? Unapaka nini?"

Seline alitazama magoti yake. "Hakuna."

Dorca alikuwa ameinua kidole kama mtoto wa shule. "Daktari, rudia hapo nyuma. Baba hachangii?"

"Kwa upande wa mitokondria, hapana."

"Hata moja?"

"Hata moja. Lakini nimesema ugonjwa wa namna hiyo ni nadra..."

"Gordon, umesikia?" Alikuwa amekwisha kuchukua mkoba wake. "Umesikia kwa masikio yako? Hata moja!"

Daktari aliendelea kueleza habari za chumvi, na kwamba Seline apimiwe maji ya kunywa kwa kikombe, asizidishe. Hayo niliyasikiliza mimi peke yangu. Gordon alikuwa ametoka kumfuata dada yake.

Kufikia Jumapili Manyatta yote, mtaa wa Dorca hapa Kisumu, ilikuwa na habari. Kanisani mama mmoja alinishika mkono kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota samaki aliyeanza kunuka. "Pole, Mama Seline. Tumesikia ni vitu vya kwenu." Vitu vya kwenu! Nilimuuliza ni vitu gani, akasema yeye hajui, yeye anaomba tu. Jumatatu jirani yetu mtaani kwetu Nyalenda, mtu tuliyechota maji pamoja miaka yote, alimwita mwanawe mdogo atoke mlangoni mwangu. Jumanne nilikuta mwanafunzi chuoni, pale ninapofundisha sayansi ya nyumbani, akimwambia mwenzake kwamba Wabukusu wana ugonjwa wa figo ambao mama humpa mtoto kwa kunyonyesha. Kwa kunyonyesha! Maneno yalikuwa yamevuka mji na kuota miguu njiani.

Jioni nilimweka Gordon kitako jikoni.

"Ulikuwa pale mlangoni. Daktari alisema njia ngapi?"

"Mbili."

"Dada yako anatembeza ngapi?"

Alijikuna shingo. "Si unamjua Dorca."

"Namjua. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

"Min Seline," yaani Mama Seline kwa Kijaluo, "usinipandishie sauti. Wazee wameniita. Mzee Ogola anasema pengine kuna jambo upande wa mama yako halikutengenezwa zamani, matanga labda, au ndoa. Na sisi tukachukua mke bila kuuliza. Wanataka mtoto aende nyumbani kijijini, Sondu, anyweshwe manyasi."

Manyasi ni dawa ya miti inayonywewa kutengeneza jambo lililoharibika katika ukoo. Sina ugomvi nayo. Mimi mwenyewe nimelelewa kwa majani ya nyanya yangu na niko hapa. Lakini inanywewa bakuli kwa bakuli, asubuhi na jioni, na daktari alikuwa amempimia mtoto huyu hata maji matupu.

"Atakunywa kiasi gani?"

"Kile kitakachosemwa."

"Na daktari je?"

"Daktari mwenyewe si ndiye aliyesema ni mama?"

Niliweka mwiko chini. Kama ningeendelea kuushika, sijui ungefika wapi. "Lini?"

"Jumapili. Gari limeshaahidiwa."

Nililala na hasira na kuamka nayo. Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho nilikwenda soko la Kibuye kumwambia Dorca uso kwa uso kwamba mtoto wangu haendi popote. Dorca alikuwa na kibanda cha vitu vya urembo: nywele za bandia, sidiria za mtumba, mafuta, pafyumu, vitana. Seline alikuwa akimsaidia pale tangu amalize kidato cha nne, zaidi ya mwaka sasa, na hata ugonjwa ulipoanza aliendelea kwenda. Alisema nyumbani anachoka zaidi kwa kuwaza.

Dorca hakuwapo. Kulikuwa na msichana wa kibanda cha jirani anayeangalia bidhaa. "Seline yuko nyuma amelala, mama," akaniambia.

Nyuma kulikuwa na pazia. Nikalifungua.

Mwanangu alikuwa amelala juu ya gunia, na uso wake, shingo yake, mikono yake mpaka kwenye viwiko, vilikuwa vyeupe pe. Kwa sekunde moja nilidhani amekufa. Kisha akapumua, na ule weupe ukapasuka kando ya mdomo wake kama matope ya ufuoni yaliyokaushwa na jua. Lilikuwa povu la sabuni. Limepakwa likaachwa likauke.

"Seline!"

Aliruka. "Mama! Ni sabuni tu!"

"Sabuni huoshwa. Hii imekaa tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi. Ndivyo inavyofanya kazi. Ukiosha mapema haishiki."

"Haishiki nini?"

Alificha mikono nyuma. Nilikuwa nimeona rangi yake ikipauka mwaka mzima. Nilimuuliza kama anajipaka krimu, nikapekua hata sanduku lake, akaniapia kwamba ni kukaa kivulini. Baadaye alipovimba nikadhani ni damu iliyopungua.

"Nilikukataza," nikasema.

"Ulikataza krimu. Hukutaja sabuni."

Hapo nilicheka, kicheko kibaya. Huyo ni mtoto wangu kweli, hata wakili asingemshinda. "Nani amekupa?"

"Waya. Mama, usimpigie kelele. Mimi ndiye ninayeuza. Mteja akija, waya ananyoosha mkono wangu kando ya mkono wa mteja, anamwambia angalia, alikuwa mweusi kuliko wewe. Wananunua papo hapo. Alisema nisikuambie kwa sababu wewe mambo ya urembo yanakuudhi."

Nilitafuta maji ya kumwosha. Kwenye kona kulikuwa na sufuria ya alumini ambamo Dorca alikuwa akikwangulia sabuni hiyo na kuiloweka, ili wateja wajaribu povu kwa kidole. Niliinua sufuria ile na mkono wangu ukasimama.

Ilikuwa imeota ndevu. Kuzunguka ukingo, pale povu lilipofika, unga mweupe ulikuwa umechomoza kama ukungu wa mkate, nywele kwa nywele, na chini yake bati lilikuwa laini na jeusi. Niliigusa kwa upande wa kijiko. Kijiko kikapita upande wa pili.

Nimeosha sufuria maisha yangu yote na nimefundisha wasichana wasiohesabika kuziosha. Alumini haioti ndevu kwa sabuni ya kawaida, hata uiache juma zima. Niliona ndevu kama zile mara moja tu, nikiwa mwanafunzi chuoni, kipimajoto kilipovunjika juu ya sinia la alumini na hakuna aliyefuta vizuri. Kesho yake sinia lilikuwa linaota. Mwalimu wetu alitufukuza chumbani sote kabla ya kutueleza: zebaki, yale maji ya fedha yaliyo ndani ya kipimajoto. Ikigusa alumini huila. Ikiingia mwilini, alisema, msiniulize.

Dorca alirudi wakati huo, ameshika chupa ya chai na mandazi kwenye gazeti. "Ohoo! Nyar Bukusu, binti wa Kibukusu, leo ametutembelea."

"Hii sufuria imekuwaje?"

"Achana nayo. Mafundi wa siku hizi wanatuuzia karatasi. Nimeshanunua sijui ngapi, zote zinaoza hivyo hivyo. Juzi nimemtukana yule fundi mpaka akalia."

"Na hukujiuliza?"

"Nijiulize nini? Bati ni bati."

"Sabuni inayotoboa bati unampaka mtoto usoni?"

Aliweka chupa chini. Akatazama huku na huku, kwa sababu wanawake wa vibanda vingine walikuwa wameanza kunyamaza. "Sikiliza. Usilete siasa za chuo hapa. Sabuni hii inatoka Ulaya. Wazungu ndio waliotengeneza. Wewe unajua kuliko Wazungu?"

"Wazungu wanaoga nayo?"

"Wao si weupe tayari!"

Kibanda cha tatu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilifunga sufuria kwenye kanga pamoja na mche mmoja wa sabuni, nikamwosha Seline kwa maji ya jirani, shingo, masikio, kila mahali, nikasugua mpaka akalalamika. Dorca alikuwa akinifuata nyuma akisema kwamba nimeiba, kwamba ataita askari wa soko. Nikamwambia amwite, na amweleze pia kwa nini katoni zake huja zimefukiwa chini ya magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani. Seline alikuwa amenidokeza hilo wakati namwosha. Dorca akaacha kunifuata.

Daktari Walubengo alikuwa anajiandaa kwenda nyumbani. Nilipofungua kanga alirudisha kalamu mezani polepole, akainama, akatazama bila kugusa.

"Amepaka hii kwa muda gani?"

"Zaidi ya mwaka, tena anaiacha ikauke."

Alimgeukia Seline. "Nilikuuliza."

"Uliuliza mbele ya waya," Seline akasema, na machozi yakaanza.

"Mama, osha mikono yako vizuri. Hii kitu hupita kwenye ngozi, inaingia kwenye damu, na damu inaipeleka kwenye figo, inakusanyika huko. Ikishafika huingia kwenye yale meko niliyokuambia. Inayazima moja moja. Nitapeleka mkojo Nairobi upimwe zebaki, lakini sihitaji kungoja majibu ili nikuambie aache leo. Si kesho."

"Kwa hiyo si mimi."

"Sikuwahi kusema ni wewe."

"Najua ulichosema, daktari. Tatizo ni walichosikia."

Jumamosi ukoo ulikutana kwa Dorca, Manyatta, kupanga safari. Nilikwenda bila kuitwa. Nilimchukua Seline, nikaibeba ile sufuria. Sebuleni alikuwapo Mzee Ogola, mdogo wa baba yake Gordon, mzee mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Alikuwapo Gordon, ananitazama kama mtu anayeona mvua inakuja na nguo ziko kambani. Na Dorca mwenyewe kwenye kochi, amevaa soksi nzito na malapa.

Nilieleza yote. Niliieleza vizuri, kwa maneno mafupi, kama ninavyofundisha. Sufuria ilipita mkono kwa mkono. Mzee Ogola aliingiza kidole gumba kwenye tundu akakitoa haraka.

"Nani amethibitisha haya?" akauliza.

"Daktari Walubengo."

Dorca akapiga makofi. "Walubengo! Yawa, jamani, Walubengo! Si mtu wa kwao huyo? Wamekaa huko wameongea Kibukusu chao, wakatoka na sabuni!"

"Dorca, wiki jana aliposema mama ulimwamini. Hakuwa Mbukusu wiki jana?"

"Wiki jana alisahau!"

Hata Gordon alicheka kidogo, halafu akaona uso wangu akaacha.

"Mama Seline," Mzee Ogola akasema kwa heshima, "hakuna anayekutukana. Sisi tunatafuta njia. Sabuni iachwe, sawa. Lakini mtoto bado aende nyumbani. Akinywa manyasi atapungukiwa nini?"

"Atapungukiwa figo, mzee. Sehemu iliyobaki nzima ndiyo inayombeba sasa. Mkiijaza mabakuli ya dawa nayo ikashindwa, hakuna nyingine. Haioti upya."

"Unasema sisi tutamuua mtoto wetu?"

"Nasema hamtampeleka."

Seline alikuwa amejibana kwenye kona, mikono imefichwa ndani ya sweta. Gordon alitazama sakafu. Nilimsubiri aseme kitu.

Dorca ndiye aliyesema. Aliegemea kochi, akalainisha sauti kama anayezungumza na mteja. "Wacha niulize kitu kimoja, halafu twende kula. Mimi nimeoga na hii sabuni kabla ya Seline kuijua. Miaka! Kila siku ya Mungu. Kama ni sumu, mimi niko wapi? Si ningekuwa kaburini? Nitazameni!"

Tukamtazama, kama alivyotaka. Nami nikatazama miguu yake. Kwa nini soksi nzito, Kisumu, saa sita mchana? Kwa nini malapa, yeye asiyetoka hata kwenda chooni bila viatu vya kisigino?

Niliinuka nikapiga magoti mbele yake. Alidhani namwomba msamaha. Nilimwona akijiandaa kunisamehe. Nikavuta soksi yake chini.

"We! Wazimu?"

"Tulia."

Niliweka kidole gumba juu ya mfupa wa muundi wake nikabonyeza, kama nilivyokuwa nikibonyeza mguu wa Seline kila asubuhi tangu aanze kuvimba. Nilibonyeza nikahesabu kimoyomoyo. Nilipoondoa kidole, shimo lilibaki. Lilikaa pale, la kina, la mviringo, kama alama ya kidole kwenye ugali. Mzee Ogola alisogeza kiti chake kuliangalia.

"Ni joto," Dorca akasema.

"Asubuhi ukiamka, macho yanafunguka vizuri?"

"Ni uchovu."

"Ukikojoa, mkojo unatoa povu? Kama pombe iliyomwagwa?"

Alitaka kuvuta soksi juu, nikaishika.

"Dorca," nikasema, "mimi na wewe tumezaliwa tumbo moja?"

"Hapana."

"Mama yangu ndiye mama yako?"

"Mungu apishe mbali."

"Basi nieleze mbele ya watu hawa. Umewaambia Manyatta, umewaambia kanisa, umewaambia soko, kwamba ugonjwa huu ni wa tumbo langu. Mitokondria zangu zimefikaje kwako? Nilikunyonyesha lini?"

Mzee Ogola alipasuka kicheko, akajaribu kukigeuza kikohozi, akashindwa. Dorca alimtazama, akatazama shimo mguuni mwake ambalo bado halikuwa limejaa, na nilimwona akianza kuogopa. Alilibonyeza mwenyewe kando ya langu. Likabaki la pili.

Ndipo Gordon akasimama. Mume wangu si mtu wa maneno mengi, na siku zile zote nilikuwa nimemchukia kwa uchache wa maneno yake. Alichukua sufuria kutoka mikononi mwa Mzee Ogola, akaiweka chini katikati ya chumba.

"Gari la kesho lisije," akasema. "Jumatatu hawa wawili wanakwenda hospitali. Nitawapeleka mimi."

Nilitaka kumuuliza alikuwa wapi tangu mwanzo. Nilimuuliza, lakini baadaye, nyumbani, na kwa urefu.

Majibu ya Nairobi yalikuja: zebaki kwenye mkojo wa Seline, na kwa Dorca pia, ya Dorca nyingi kuliko ya Seline. Waliacha sabuni. Walipewa dawa, wakala chakula nisichowahi kumpikia mgonjwa mwingine, kisicho na chumvi hata chembe, mimi nikimpikia na yule mwanamke kwa sababu alikuwa hajui kupika kitu bila kiungo cha royco. Alikuja nyumbani kwangu kila mchana, akakaa, akala, akalalamika kwamba hakina ladha. Nilimwambia ladha iko Kibuye. Katoni zake alizitoa, alisema alizifukia shimoni. Sikuamini mpaka nilipokwenda kuliona shimo mwenyewe, na hata hapo nilifukua. Vibanda vingine viliendelea kuuza. Bado vinauza. Nimesimama mbele yavyo nikapiga kelele mpaka nikaitwa kichaa wa sufuria.

Mvua ndefu zilipofika mwisho daktari alituita tena. Chumba kile kile, viti vile vile. Safari hii Gordon alikuja na kiti chake kutoka kwenye korido.

"Mama Dorca," daktari akasema, "mkojo wako ni safi. Hakuna povu, hakuna protini, damu yako nzuri. Figo zako zimepona."

Dorca alirusha mikono juu. "Asante Yesu! Asante, asante!" Alikuwa amesimama, anatikisa mabega, nusu anacheza, mkoba unagonga meza. Halafu akamwona Seline na mikono ikashuka yenyewe.

"Na mimi?" Seline akauliza.

Daktari alivuta pumzi. "Wewe zebaki imeisha. Uvimbe umeondoka. Pale palipokuwa pazima pamebaki pazima. Lakini makovu yako pale, Seline. Hayataondoka. Unaishi na figo kama nusu ya ile uliyozaliwa nayo, na nusu hiyo inafanya kazi ya nzima. Tutailinda. Inaweza kukupeleka miaka mingi. Inaweza pia kuchoka mapema. Sitaki kukudanganya."

"Yeye alipaka miaka mingi kuliko mimi."

"Najua."

"Na yeye amepona."

"Miili haifanani. Sijui kwa nini wewe na si yeye. Ningejua ningekuambia."

Seline hakulia. Alimgeukia shangazi yake. Rangi yake ilikuwa inarudi kwa viraka, paji la uso jeusi, mashavu bado yamepauka. "Waya, ulijua?"

"Ningejua ningejipaka mwenyewe, nyathina, mwanangu?"

"Lakini ulificha chini ya omena."

"Ilikuwa ushuru tu. Haki ya Mungu, nilidhani ni ushuru tu." Alikaa chini. Kisha akamwambia daktari, haraka, kama mtu anayelipa kabla hajabadili nia: "Zangu si zimepona? Ya kwake ikichoka mchukue moja yangu. Nimesema mbele ya ndugu yangu."

Nilimtazama. Nilikuwa nimemtunzia hasira nyingi, nimeipanga vizuri, na sasa alikuwa anaiharibu. Nilikasirika zaidi.

"Haiwezekani, mama," daktari akasema. "Figo iliyokwisha kupata sumu hatuitoi kwa mtu mwingine, hata ikipona. Hatuwezi kuiamini."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Dorca aliinamisha kichwa. Nje watu walikuwa wakiitana majina kwenye foleni ya dawa.

"Zangu je?" nikasema.

"Zako hazina tatizo ninalolijua. Siku hiyo ikifika, kama itafika, tutakupima. Damu kwanza, halafu..."

"Nipime leo."

"Mama Seline, leo hakuna haja. Hiyo ni miaka mbele, pengine haitafika kabisa."

"Sitaki kuja kuambiwa siku hiyo kwamba mambo hayalingani. Nataka kujua sasa kama figo yangu inamfaa. Kama haimfai, nianze kutafuta nyingine sasa."

"Lakini kwa kawaida hatu..."

"Daktari." Nilikuwa nimekwisha kuvua saa, nikaiweka mezani, nikakunja mkono wa blauzi mpaka juu ya kiwiko. "Sindano iko wapi?"